Uzinduzi Rasmi wa Lalamiko la Bi Nyamizi

Katika nchi yetu, ambayo jina lake limeshushwa kwa muda ili likapakwe rangi, hakuna jambo linalohesabika kuwa limetokea mpaka lizinduliwe. Najua ninyi wa nchi nyingine mtashangaa, kwa kuwa kwenu, nasikia, mambo hutokea tu yenyewe, ovyo ovyo. Kwetu kuna utaratibu. Mwaka juzi mvua za vuli zilinyesha wiki tatu kabla mgeni rasmi hajapata nafasi ya kuja kuzizindua, na mahindi yote yaliyoota katika wiki hizo yakaandikwa kwenye ripoti kuwa ni magugu. Kata jirani wana daraja zuri la zege linalosubiri kukatiwa utepe mwaka wa nne sasa. Watu wanavuka mto chini yake, maji yakiwa kifuani, na wakifika katikati huinua macho wakalitazama kwa fahari.

Mimi naitwa Mwalimu Sanduli. Nilifundisha darasa la nne miaka thelathini na mmoja, na tangu nistaafu kazi yangu ni kuandika risala. Risala, kama huijui, ni ile karatasi ambayo wananchi humsomea mgeni rasmi wao wakiwa wamesimama juani na yeye amekaa kivulini. Ina sehemu zake. Unaanza na salamu, unakwenda kwenye shukrani, unakuja kwenye mafanikio, halafu huko chini kabisa, pale ambapo mgeni rasmi ameshaanza kutazama saa, unaweka changamoto. Changamoto zisizidi mistari mitatu, na mstari wa tatu useme kwamba zinashughulikiwa. Katika kata yetu ya Bondeni Juu hakuna anayeandika risala kunishinda. Sisemi hivyo kwa majivuno. Nasema kwa sababu ni kweli.

Kwa hiyo mtu akiwa na jambo lake, huja kwangu. Bi Nyamizi naye akaja.

*

Bi Nyamizi anakaanga mihogo pale mnadani. Ni mjane, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaita wateja walio ng'ambo ya barabara. Alikuja Jumanne asubuhi, akakataa kiti, akakataa na chai.

"Shikamoo, Mwalimu. Nataka uniandikie."

"Marahaba. Tunaandika shukrani au pongezi?"

"Lalamiko."

"Unamlalamikia nani?"

"Diwani."

Niliinuka nikaenda kufunga dirisha. Halafu nikakumbuka kwamba dirisha langu halina mbao wala kioo, nikarudi kukaa.

Jambo lenyewe kila mtu alilijua, ndiyo maana hakuna aliyekuwa amewahi kulisema. Zahanati yetu ina chumba kimoja cha kujifungulia. Mheshimiwa Diwani Lukomanya Pazi, mbali na kututumikia, anakodisha viti vya plastiki kwa wenye shughuli: harusi, misiba, mikutano. Anavyo viti mia tatu na ishirini vya bluu, na kila kimoja kimeandikwa mgongoni MHE. DIWANI. Ghala lake lilipoezuliwa na upepo, aliomba avihifadhi pale zahanati siku mbili tatu hivi. Siku hizo zilikuwa zimefika miaka miwili. Viti vilijaa kutoka sakafuni hadi darini, na kitanda cha kujifungulia kilikuwa huko huko ndani, chini yao. Ukichungulia kwenye tundu la funguo uliona mguu wake mmoja.

Kina mama walijifungulia barazani, au nyumbani, au walipakizwa kwenye baiskeli kupelekwa hospitali ya misheni, mwendo wa saa tano. Katika ripoti ya mwaka Mheshimiwa aliandika kwamba kwa miaka miwili hakuna mama hata mmoja aliyepoteza maisha ndani ya chumba chetu cha uzazi. Ilikuwa kweli tupu, na kata ikapewa cheti.

Bi Nyamizi ana mtoto mmoja tu, binti, jina lake Limi. Mwaka uliotangulia Limi alishikwa na uchungu, wakampakiza kwenye baiskeli, na mtoto akazaliwa njiani, karibu na tanuri la matofali, hana pumzi. Sasa Limi alikuwa na mimba nyingine, ya miezi saba.

"Sina ugomvi na viti vyake," Bi Nyamizi aliniambia. "Wala sitaki aniombe radhi. Nataka kile chumba kiwe kitupu siku ya mwanangu. Siku moja tu, Mwalimu. Akishazaa, avirudishe."

Nilimwambia kwamba hilo ni ombi dogo sana. Niliamini hivyo, na mpaka leo sijui nilikuwa mwema au mjinga.

*

Tuliipeleka barua kwa Mtendaji wa Kata, Bwana Ntandu. Nilidhani atatufukuza. Badala yake alifurahi mpaka akasimama. Kata ya Bondeni Juu haikuwa imewahi kupata lalamiko. Tulikuwa na sanduku la maoni, lililozinduliwa kwa shamrashamra na ngoma tatu, lakini fundi aliyelitengeneza hakulitoboa tundu, na kwa kuwa lilikuwa limeshazinduliwa hivyo hivyo, kulitoboa kungekuwa ni kuharibu kitu cha kihistoria.

"Lalamiko!" alisema Bwana Ntandu, akiishika ile barua kwa ncha za vidole. "Bi Nyamizi, umeiheshimisha kata. Sasa hili tutalizindua lini?"

"Kulizindua?" Bi Nyamizi aliuliza.

"Mama, lalamiko ambalo halijazinduliwa ni uvumi. Na uvumi una adhabu yake." Akafungua Mwongozo wa Shughuli za Kitaifa, kitabu kinene kuliko Msahafu na Biblia vikiwekwa pamoja, akasoma kwa sauti. Lalamiko liwe na kamati ya maandalizi. Liwe na kauli mbiu. Liwe na kwaya au ngoma, au vyote. Na liwe na mgeni rasmi, ambaye ndani ya mipaka ya kata atakuwa, kwa mujibu wa itifaki, Mheshimiwa Diwani.

"Yaani nimlalamikie yeye," alisema Bi Nyamizi polepole, kama anayehesabu mihogo, "halafu mgeni rasmi awe yeye?"

"Ulitaka umlalamikie mtu asiyekuwepo? Huko ni kumsengenya, mama. Ni dhambi hata kwa Mungu."

"Si ndiyo ile kesi ya nyani kumpelekea ngedere."

Bwana Ntandu alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Msemo huo Baraza la Kata liliufuta mwaka jana. Ulikuwa unawavunjia heshima nyani."

Bi Nyamizi alimtazama. Akanitazama mimi. Nami, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, niliitikia kwa kichwa kukubaliana na Mwongozo.

"Limi amebakiza wiki nane," alisema.

"Wiki nane!" alisema Bwana Ntandu. "Mbona ni nyingi? Kamati itakaa kesho kutwa."

*

Kamati ilikaa kesho kutwa, na wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Nilikuwa katibu wake, kwa hiyo siwezi kusema kwamba ilizembea. Kikao cha kwanza kilichagua rangi ya vitenge. Cha pili kiliifuta ile rangi. Cha tatu kilitafuta kauli mbiu, tukabishana mpaka jioni, ikapita hii: "Lalamiko Langu, Fahari ya Diwani Wangu." Cha nne kiliunda kamati ndogo ya pilau, na kamati ndogo ya pilau ikaunda timu ya kachumbari. Bi Nyamizi alihudhuria vyote. Alikaa kwenye benchi la nyuma, na kila tulipofika kwenye mengineyo alinyanyua mkono.

"Na chumba?"

"Chumba kimo ndani ya lalamiko, mama," mwenyekiti alimjibu kila mara, "na lalamiko ndilo tunaloliandaa."

Tarehe ya kwanza tuliyopanga, Mheshimiwa alikuwa anazindua choo cha shule. Ya pili, alikuwa anazindua ukarabati wa choo kile kile. Bi Nyamizi alipokwenda ofisini kusema kwamba mimba ya Limi imeshuka na miguu imevimba, Bwana Ntandu alimsikiliza kwa huruma ya kweli, maana si mtu mbaya, akaniagiza nimwandikie Limi barua rasmi kumwomba aangalie uwezekano wa kusogeza mbele. "Subira huvuta heri," alisema. Barua niliiandika. Limi aliisoma akiwa amelalia ubavu, akacheka mpaka akalazimika kushika tumbo, halafu akalia. Mama yake aliikunja akafungia mihogo.

Nilikuwa na kazi yangu mwenyewe, ya risala. Bi Nyamizi alikuwa ameniambia yote mfululizo: baiskeli, tanuri la matofali, mtoto aliyefungwa katika khanga bila kulia, Limi aliyekaa miezi mitatu hasemi na mtu. Nililiandika lalamiko lote, kurasa tatu. Halafu nikaanza kulisafisha. Kamati ililisafisha tena. Bwana Ntandu akalipitisha kwenye Mwongozo. Wiki moja kabla ya shughuli nilimpelekea Bi Nyamizi nakala iliyopigwa chapa, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alifika kwenye changamoto, zilizokuwa zimeandikwa hivi: Pamoja na mafanikio hayo makubwa, zipo changamoto ndogo ndogo za nafasi, ambazo zinashughulikiwa.

"Limi yuko wapi humu?" aliniuliza.

"Yumo," nilimwambia. "Yumo ndani ya neno nafasi."

"Na mtoto wake, yule marehemu?"

"Naye yumo humo humo."

Aliliangalia lile neno muda mrefu, kama mtu anayechungulia tundu la funguo. Nilijisikia vibaya. Nikajitetea moyoni kwamba ni neno zuri, lina silabi tatu, na mtu anaweza kulisoma bila kukwama.

*

Sasa, shughuli ina watu mia tatu, na watu mia tatu watakaa wapi? Katika kata nzima viti vilikuwa vya mtu mmoja tu. Mheshimiwa alipoombwa, alisema hawezi kuzuia viti vyake visishiriki katika lalamiko la wananchi wake. Basi alfajiri ya siku ya uzinduzi kufuli likafunguliwa, na vijana wakaanza kutoa viti, vinne vinne, sita sita, wakivipanga uwanjani mbele ya zahanati. Ilipofika saa mbili asubuhi chumba cha uzazi kilikuwa kitupu.

Msomaji, nilikuwepo. Nesi Auleria, nesi wetu wa pekee, aliingia na ndoo na dawa ya kusafishia, akapiga deki mara mbili, akakifuta kile kitanda na miguu yake, hata ule mmoja tuliouzoea. Akaleta kile kipumulio kidogo cha watoto wachanga kilichokuwa kabatini, akakipuliza vumbi. Bi Nyamizi alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Kutoka nyumbani kwake hadi pale ni hatua mia mbili tu, na Limi alikuwa tayari ameanza kulalamikia mgongo tangu usiku.

Nilidhani tumeshinda. Nilidhani risala yangu imefanya kazi hata kabla ya kusomwa.

Bwana Ntandu naye alikiona kile chumba, akapata wazo. Alitoweka, akarudi na utepe mwekundu, akaufunga mlangoni kutoka mwimo hadi mwimo, na katikati akatia ua. Akachukua ratiba, akaongeza kwa kalamu: Na. 14, Mgeni Rasmi kufungua Chumba cha Uzazi.

"Lakini kimeshafunguliwa," alisema Bi Nyamizi.

"Kimeachwa wazi, mama. Kufunguliwa bado."

"Na baada ya kufunguliwa, viti vitarudi lini?"

"Shughuli ikiisha. Chumba kitafunguliwa rasmi. Kitakaa wazi muda gani, hilo ni suala jingine."

*

Mheshimiwa alitarajiwa saa tatu, akafika saa sita, akitabasamu. Ni mtu mnene mwenye uso wa upole, na watoto humpenda. Kwaya iliimba. Ngoma ilichezwa. Meza kuu ilijaa: Mheshimiwa katikati, Bwana Ntandu kulia, Nesi Auleria kushoto, maana itifaki inamtaka mkuu wa zahanati akae hapo na asinyanyuke kabla ya mgeni rasmi. Nilishika kipaza sauti, kwa kuwa ushereheshaji nao ni kazi yangu, nikawatambulisha wageni mmoja mmoja, na kila mmoja akawatambulisha aliokuja nao.

Tulikuwa kwenye namba sita, utambulisho wa wazee maarufu, majirani wawili walipomleta Limi, wamemshika kwapani. Walikwenda naye moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha uzazi, na mbele ya utepe wakasimama.

Nilipeleka kikaratasi kwa Bwana Ntandu: Mama mjamzito yupo mlangoni, je, namba kumi na nne inaweza kutangulia? Alinirudishia kikaratasi kile kile, kimeandikwa nyuma: Ratiba hubadilishwa na kamati. Kamati haikai siku ya shughuli. Nilimwonyesha Nesi Auleria. Aliangalia mlangoni, akamwangalia Mheshimiwa, akaangalia mikono yake, ikabaki hapo juu ya kitambaa cha meza.

Nami nikamwita Bi Nyamizi asome risala, kwa sababu ndiyo iliyofuata.

Naomba niseme juu ya ule utepe. Ulikuwa na upana wa vidole viwili. Ulikuwa wa karatasi, si wa kitambaa. Mtoto akipiga chafya ungekatika. Limi alikuwa ameinama mbele yake, ameshika mwimo wa mlango, jasho linamtiririka, na kitanda kilikuwa hatua tatu kutoka alipo. Majirani waliomshika walikuwa wanawake wenye nguvu, wanaoweza kubeba gunia la mahindi kichwani. Watu waliokaa safu za mwisho walikuwa wamegeuka kuwatazama. Tulikuwa watu mia tatu. Kila mmoja wetu aliuona ule utepe, na kila mmoja alisubiri mkasi. Mimi pia. Nimeona mengi katika kazi yangu, na sijaona aibu hata siku moja, ila hiyo.

Bi Nyamizi alisoma salamu. Alisoma shukrani, na sauti yake ya mnadani ilisikika mpaka barabarani. Alisoma mafanikio: cheti, sanduku, choo. Limi alipiga kelele mara moja, fupi. Bi Nyamizi aliendelea. "Pamoja na mafanikio hayo makubwa," alisoma, "zipo changamoto ndogo ndogo za..."

Hapo akakwama. Lile neno langu lenye silabi tatu likamshinda.

Aliiweka karatasi juu ya meza kuu, mbele ya Mheshimiwa, kwa adabu, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Halafu akageuka akakatiza katikati ya uwanja, akiwapita wanakwaya. Alipofika mlangoni alijaribu kuuvuta utepe kwa mkono mmoja, mwingine akiwa amemshika mwanawe, ukamponyoka. Akainama akaukata kwa meno.

Wakaingia. Ndipo Nesi Auleria aliponyanyuka, akasukuma kiti nyuma kikaanguka, akakimbia.

Nikiwa mshereheshaji ilinibidi niseme kitu. Nikasema, "Risala imepokelewa. Makofi, tafadhali." Nikamkaribisha mgeni rasmi.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Lukomanya Pazi, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. "Kulalamika ni haki, na kulalamikiwa ni heshima. Wako viongozi katika nchi hii ambao hawajawahi kulalamikiwa, kwa sababu hawajulikani. Lalamiko lenu nimelipokea kwa mikono miwili. Naahidi mbele yenu kulilinda, kulitunza na kulidumisha. Wengine wangelitatua mara moja, likaisha, mkabaki hamna kitu. Mimi si kiongozi wa namna hiyo."

Alikuwa bado anazungumza mtoto alipolia. Kilikuwa kilio kikali, cha hasira, kikatoka mlangoni kikapita juu ya viti vyote. Uwanja mzima ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Mheshimiwa alisimama, akapunga mkono, akatushukuru kwa kuielewa hotuba yake.

*

Mtoto alikuwa wa kike. Walimwita Wande. Mama na mtoto walikaa kwenye kile chumba saa mbili na robo, kisha viti vikaanza kurudi. Limi alitoka kwa mlango ule ule, akijibana ukutani kupisha vijana.

Siku ya pili yake Bi Nyamizi aliitwa ofisini. Mheshimiwa alikuwa amemlalamikia. Lalamiko la Mheshimiwa halikuhitaji kamati wala kwaya, kwa kuwa mlalamikaji mwenyewe ndiye mgeni rasmi na alikuwepo; lilizinduliwa, likasikilizwa na kuamuliwa kabla chai haijapoa. Kosa lilikuwa kuzindua bila mamlaka. Bwana Ntandu alisoma Mwongozo kwa huzuni. Jengo lililofunguliwa na asiyehusika halijafunguliwa. Na ndani ya chumba ambacho hakijafunguliwa hawezi kuzaliwa mtu.

Nesi Auleria aliletewa kalamu nyekundu. Alipiga mstari juu ya jina la Wande kwenye daftari la zahanati, kwa rula. Bila jina kwenye daftari hakuna kadi ya kliniki, na bila kadi hakuna chanjo. Mwezi huo kifaduro kilikuwa kimeshaingia kata ya jirani, na watoto wawili walikuwa wamezikwa.

Bi Nyamizi alizunguka wiki tano. Alikwenda wilayani, wakamwambia apitie kwa diwani wake. Alikwenda hospitali ya misheni na mtoto mgongoni, saa tano kwenda, wakamwambia kadi huanzia alikozaliwa mtoto. Kila niliyekutana naye mnadani alisema kwamba yule mama ameonewa. Walisema kwa sauti ya chini, wakinunua mihogo.

Jioni moja alikuja kwangu. Safari hii alikaa.

"Niandikie, Mwalimu."

"Niandike nini?"

"Wanachotaka. Radhi, shukrani, wewe ndiye unayejua. Mheshimiwa amesema nikisoma mbele ya watu, jina litarudishwa." Alimgeuza Wande begani. Mtoto alikuwa na macho ya kung'aa na alinitazama bila woga wowote. "Anakohoa kidogo. Usiweke maneno magumu, nisije nikakwama tena."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa umbali wa hatua arobaini kutoka kwenye ule utepe na nina miguu mizima. Badala yake nikachukua kalamu. Niliandika risala iliyo bora kuliko zote nilizopata kuandika. Haikuwa na changamoto hata moja.

*

Aliisoma Jumamosi, uwanjani, mbele ya watu mia tatu waliokaa kwenye viti vya bluu. Alimshukuru Mheshimiwa kwa chumba, kwa mjukuu, na kwa uvumilivu. Aliomba radhi kwa utepe. Hakukwama popote. Mheshimiwa alitokwa na machozi, ya kweli kabisa, nilikuwa karibu nikayaona, akamkumbatia, akakata utepe mpya, na chumba kikawa kimefunguliwa kuanzia tarehe aliyozaliwa Wande. Nesi Auleria aliandika jina upya na kuchoma sindano pale pale meza kuu. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, na nilikuwa na furaha, maana mtoto alikuwa amechanjwa.

Ilibaki sehemu ya mwisho ya adhabu, iliyoandikwa kwenye uamuzi kwa herufi ndogo: kwamba mkosaji mwenyewe, kwa mikono yake, atavirudisha viti mahali pake.

Alivirudisha. Alibeba vinne vinne kutoka uwanjani hadi chumba cha uzazi, akianzia juu ya kitanda kwa sababu ndiko kulikokuwa mbali na mlango. Watu walinyanyuka mmoja mmoja alipowafikia, wakampa viti vyao, wakisema "pole, mama," wakaondoka. Niliwekwa mlangoni na daftari, nihakikishe vimetimia. Jua lilikuwa linashuka na kile chumba kilikuwa kimejaa hadi darini pale nilipomwambia kwamba bado kimoja.

Uwanjani alikuwa amebaki mtu mmoja, Shoma, mke wa fundi baiskeli, ambaye hakuweza kunyanyuka haraka kama wenzake. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Bi Nyamizi alisimama mbele yake, hakunyoosha mkono. Wakatazamana.

Kisha Shoma akashika magoti, akanyanyuka, na kwa mikono yake mwenyewe akampa kiti.